Kesha la Mlezi

Katika kazi zote za mwanadamu, hapana iliyofanywa mara nyingi zaidi, na hapana iliyoandikwa kwa uchache zaidi, kuliko kazi ya kukesha na mtoto mchanga. Vita vimeandikwa, safari zimeandikwa, na mapenzi ya vijana yameimbwa mpaka nyuzi za zeze zikakatika. Lakini saa ile ya usiku wa manane, ambapo mtu mzima aliyechoka husimama gizani na kiumbe kidogo begani, akikipapasa mgongo na kungoja kicheue, haikupata mwandishi wake. Yamkini sababu yake ni kwamba walioijua vema saa hiyo walikuwa wamechoka mno kuandika, na waliokuwa na nguvu za kuandika walikuwa wamelala.

Wahenga hawakuisahau kabisa. Walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hii hunenwa mara nyingi, lakini kuna jambo ambalo haikulinena: haikusema kazi hiyo ni ya nani. Kwa kuwa haikusema, kila nyumba imejitungia jibu lake, na aghalabu jibu limekuwa moja. Mtoto anapolia usiku bila ya ugonjwa na bila ya kosa la mtu yeyote, ni nani mwenye wajibu wa kukesha? Swali hili huonekana dogo, swali la chumbani na jikoni, lisilostahili kuletwa mbele ya wanafunzi na wanazuoni. Walakini ndani yake mna maswali makubwa ya maadili: maana ya taabu isiyo na mkosaji, thamani ya subira, na kipimo cha deni ambalo watu hudaiana kwa sababu tu wanaishi pamoja.

Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja ya Titye, isiyo na tofauti na nyumba nyingine elfu. Titye ni kata ya wilaya ya Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, ambayo hupakana na Burundi. Huko usiku wa miezi ya Juni na Julai huwa na baridi ambayo mtu wa pwani hawezi kuidhania. Jua likichwa watu hurudi kutoka mashamba ya mahindi, maharage na mihogo, moto hukokwa, chakula huliwa, milango hufungwa. Ndani ya nyumba hiyo yumo mtoto wa wiki sita. Hunyonya, hushiba, husinzia. Mama humlaza kwa hadhari kama alazaye yai. Haupiti muda, maziwa hupanda kutoka tumboni pamoja na uchungu wake. Mtoto hujinyonga, hupinda mgongo, hucheua juu ya nguo iliyotoka kubadilishwa sasa hivi, kisha hulia. Mama huinuka, humtia begani, hutembea hatua tano kwenda na hatua tano kurudi, kwa maana chumba hakina nafasi ya hatua ya sita. Mtoto hunyamaza akiwa wima. Akilazwa, hulia tena. Hivyo hivyo saa ya saba, saa ya tisa, saa ya kumi. Jogoo huwika, na jembe halingoji. Njiani jirani humsalimu na kumwuliza amelalaje, naye hujibu kwa ada kwamba amelala salama. Katika maneno yote yatakayosemwa siku hiyo, pengine hilo ndilo lililo mbali zaidi na kweli. Lakini hapana anayelichunguza, maana salamu huuliza habari kwa sharti kwamba habari isitolewe.

Elimu ya utabibu ina neno ambalo laweza kumpunguzia mama huyo sehemu kubwa ya mzigo wake. Chakula hupita katika umio kwenda tumboni, na mwisho wa umio pana msuli wa mviringo ufanyao kazi ya mlango. Kwa mtu mzima mlango huo hufunga barabara. Kwa mtoto mchanga hulegea bila ya taratibu. Tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni cha majimaji, na sehemu kubwa ya siku huwa amelala. Basi maziwa hurudi yalikotoka. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga hucheua angalau mara moja kila siku katika miezi ya kwanza. Jambo hilo huzidi kufikia kiasi cha mwezi wa nne, hupungua mtoto anapoanza kukaa, na kwa walio wengi hukoma wakiwa na umri wa mwaka mmoja au kupita kidogo. Kilio nacho kina njia yake. Mwaka 1962 tabibu wa Marekani T. Berry Brazelton alichapisha uchunguzi uliotokana na kumbukumbu walizoandika akina mama juu ya vilio vya watoto wao: kilio kiliongezeka wiki hata wiki, kikafika kilele karibu na wiki ya sita, kisha kikapungua. Usingizi kadhalika. Mtoto mchanga hulala kiasi cha saa 14 mpaka 17 katika siku moja, lakini usingizi wake hukatwa vipande vipande, naye hupitisha miezi ya kwanza kabla ya kujua kwamba usiku umetengwa na mchana.

Vitu vinavyofaa kufanywa ni vichache na vyepesi. Mtoto anyonyeshwe kidogo kidogo na mara kwa mara, acheulishwe, ashikwe wima kwa muda wa nusu saa baada ya kunyonya, kisha alazwe chali, si kifudifudi, hata kama hucheua. Wengi huogopa kwamba aliyelala chali atapaliwa, lakini umbo la koo lake humlinda, na nchi zilizoanza kufundisha wazazi jambo hili, kama Uingereza mwaka 1991, ziliona vifo vya ghafula vya watoto usingizini vikipungua sana. Pia kuna dalili zinazotoa jambo hili katika kundi la mambo ya kungoja na kulitia katika kundi la mambo ya kukimbilia zahanati usiku huo huo: matapishi ya rangi ya kijani au yenye damu, kutapika kwa nguvu kila baada ya kunyonya, homa, utosi uliovimba, pumzi ya shida, kukataa ziwa, au uzito usioongezeka. Katika mkoa ambao malaria ni adui wa kila nyumba, homa ya mtoto mchanga haingoji mapambazuko. Lakini mtoto anayecheua, akalia, akanyonya tena na kunenepa, hana ugonjwa. Ana uchanga, na uchanga hauna dawa isipokuwa siku.

Hapo ndipo penye mtihani wa kwanza. Akili ya mwanadamu hustahimili maumivu kwa urahisi kuliko inavyostahimili maumivu yasiyo na sababu ya kulaumiwa. Mtu aumiapo hutafuta mkosaji, asipompata huumba. Mtoto alalapo vibaya siku ya tatu, lawama huanza kuzunguka nyumba. Huanza na maziwa ya mama: huambiwa ni mepesi, ni machache, ni mabaya. Huendelea na chakula chake, mwenendo wake, jicho la jirani. Kutoka kwenye lawama hutoka tiba, na tiba iliyozaliwa na lawama mara nyingi ni adhabu. Mtoto wa miezi miwili hupewa uji kwa madai kwamba hashibi, hali tumbo lake halijawa tayari kwa chakula hicho, na Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu mwaka 2001 kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania wapo watoto waliokatwa kimeo, yaani kile kinyama kining'iniacho nyuma ya koo, kwa sababu ya kukohoa au kutapika. Wapo waliopasuliwa fizi ili kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa hakika ni mbegu za meno ya kweli yaliyokuwa yakingoja zamu yake ya kuota. Damu hutoka, uchafu huingia, na mtoto aliyekuwa hana ugonjwa huupata kwa mkono wa wampendao.

Msomaji wa mjini asifanye haraka kujiona bora. Ugonjwa huu ni wa binadamu wala si wa kijiji. Katika karne ya 19 miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa akina mama waliotakiwa viwandani alfajiri, na kwa senti chache waliweza kununua dawa iliyoitwa Godfrey's Cordial, mchanganyiko wa afyuni na utamu. Mtoto aliyepewa dawa hiyo alilala. Na wako waliolala wasiamke. Huko Marekani, tangu mwaka 1849, iliuzwa sharubati ya Mrs. Winslow iliyokuwa na mofini ndani yake, na kwa miaka mingi wazazi hawakujua wananyweshaje, mpaka sheria ya mwaka 1906 ilipolazimisha dawa hatari zitajwe juu ya chupa. Hata katika siku za karibu, nchi tajiri zimewapa watoto wengi waliokuwa na afya dawa za kupunguza asidi ya tumbo, mpaka vyama vya matabibu wa matumbo ya watoto vya Ulaya na Marekani ya Kaskazini vikatoa mwongozo mwaka 2018 kwamba mtoto acheuaye na kulia, ambaye hana dalili nyingine, asipewe dawa hizo. Wembe wa kijiji, chupa ya kiwandani na kidonge cha mjini vina ukoo mmoja. Vyote vitatu vilitafutwa na watu wasioweza kuamini kwamba kuna taabu ambayo wajibu wao mbele yake ni kuibeba, si kuiondoa.

Kutibu na kubeba ni mambo mawili, na maadili hutaka mtu ajue kuyatenganisha. Atibuye hutazama mwisho: hushindana na taabu mpaka aishinde. Abebaye hutazama mwenye taabu: hukaa naye mpaka taabu ijiishe. Dunia humsifu atibuye, kwa sababu kazi yake huonekana na ina siku ya kukamilika. Abebaye hana siku hiyo. Usiku wa leo hauhesabiwi katika usiku wa kesho. Lakini kumtibu asiye mgonjwa ni dhuluma iliyovaa nguo ya huruma, kama vile kumbeba tu aliye mgonjwa ni uzembe uliovaa nguo ya subira. Mama wa Titye aliyefundishwa kutofautisha haya mawili amepata zaidi ya elimu ya afya. Amepata uhuru: hahitaji tena kumshitaki mtu, wala kujishitaki mwenyewe.

Mengzi, mwanafalsafa wa Uchina aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitoa mfano uliokuwa maarufu. Alisema kwamba mtu yeyote akimwona ghafula mtoto anakaribia kutumbukia kisimani, moyo wake hushtuka kwa huruma kabla hajafikiri faida wala sifa; na kwa mfano huo alitaka kuonyesha kwamba mbegu ya wema imo katika kila mwanadamu. Mfano ni mzuri, na ni wa kweli. Lakini huruma ya kisimani ni ya dakika moja. Huja yenyewe, humsukuma mtu, hutenda, huisha, na shujaa hurudi nyumbani kulala. Kilio cha usiku ni kisima ambacho mtoto hukikaribia tena na tena, mara nne kila usiku, kwa miezi. Mara ya kwanza huruma huja bila ya kuitwa. Mara ya nne haiji. Kinachokuja ni ghadhabu. Hilo si jambo la kuficha. Mzazi mpole kuliko wote, akinyimwa usingizi kwa wiki kadhaa, hufika mahali ambapo mikono yake humtisha mwenyewe, na mtoto mchanga akitikiswa kwa hasira huweza kuumia ubongo au kufa. Basi mbegu ya Mengzi haitoshi. Panapoishia huruma panatakiwa kitu kingine kishike kazi, na kitu hicho ni wajibu.

Hans Jonas, mwanafalsafa mzaliwa wa Ujerumani, alieleza asili ya wajibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1979. Wanafalsafa wengi kabla yake walikuwa wamejenga maadili juu ya mapatano ya watu walio sawa: wewe nipe, nami nikupe, wewe usinidhuru, nami nisikudhuru. Jonas alimtazama mtoto mchanga akaona kwamba msingi huo haumfikii. Mtoto hana cha kutoa, hana la kuahidi, hawezi hata kuomba kwa maneno. Walakini kule kupumua kwake tu huwaamuru walio karibu naye wamtunze, na amri hiyo haihitaji hoja. Kwa Jonas huo ndio mfano wa kwanza wa dhima yote. Fikira hii ina jambo ambalo laweza kuongezwa, na ambalo kwa insha hii ndilo kubwa kuliko yote: sauti ya mtoto haitaji jina. Kilio hakisemi, "Ewe mama." Kilio huenda kwa kila mwenye masikio. Kama ni amri, basi ni amri kwa wote wanaoisikia.

Hapo ndipo penye mtihani wa pili, ambao ni mgumu kuliko wa kwanza, maana umefunikwa kwa sifa. Hakuna anayesifiwa kama mama. Subira yake huimbwa, mapenzi yake hutolewa mfano, na husemwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sifa hizi ni za kweli. Lakini sifa nayo huweza kuwa njia ya kumwachia mtu mzigo. Mwenye kusifu subira ya mwenzake huku yeye amejifunika blanketi amegundua jinsi ya kutimiza wajibu kwa mdomo. Subira ni fadhila kwa mtu anayestahimili lisiloepukika. Subira inayodaiwa kwa mtu mmoja, ili wengine wanne walio katika nyumba hiyo hiyo walale, si fadhila ya nyumba. Ni deni la nyumba.

Jamii za Afrika Mashariki zinajua sana maana ya kukesha pamoja. Afapo mtu, majirani hawamwambii mfiwa kwamba ana moyo mkuu kisha wakaenda zao. Huja na mikeka, huja na kuni na unga, hukaa, hulala matangani siku kadhaa, ili mfiwa asiachwe peke yake na usiku. Hukesha pia kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya sikukuu na ibada. Lakini azaliwapo mtoto, wageni huja mchana na sabuni na khanga, hutazama uso, hutoa jina la babu aliyefanana naye, na magharibi ikikaribia huaga. Hivyo maiti, asiyehitaji tena kitu, hukeshewa na kijiji. Na mtoto mchanga, ahitajiye kila kitu, hukeshewa na mtu mmoja. Mtu aliyetua kutoka nchi ya mbali na kuyatazama makesha haya mawili angesema kwamba watu hawa hudhani kufa ni jambo la wote na kuzaliwa ni jambo la mwanamke.

Haki yataka isemwe kwamba desturi nyingi zilijua dawa ya jambo hili. Pwani kuna arobaini, siku ambazo mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hulishwa, na kupumzishwa na mama yake au wazee wa kike. Katika nyumba nyingi za bara bibi hushika mtoto ili mama alale. Wahenga walilitia neno hili katika methali: mkono mmoja haulei mwana. Basi ukesha wa peke yake si urithi mtakatifu wa mila; kwa sehemu kubwa ni jeraha la historia. Wakati wa ukoloni nchi ya Waha ilikuwa mojawapo ya machimbuko makubwa ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Kwanza waandikishaji mbalimbali, kisha tangu mwaka 1944 ofisi ya SILABU iliyoundwa na wenye mashamba, waliwachukua wanaume wa Kasulu na Kibondo kwenda Tanga na kwingineko wakaitwa manamba, na nyumba nyingi zikabaki na mikono miwili mahali pa minne. Nyumba zenyewe zilikuwa zimetawanyika juu ya vilima, kila moja katikati ya shamba lake, mpaka Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilipowakusanya watu katika vijiji. Kuhamishwa huko kulikuwa na machungu yake. Lakini kulileta jambo moja lisilokusudiwa, kwamba kilio cha usiku sasa kilisikika kwa jirani. Na mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ilipofunguliwa tena ile ya Nduta huko Kibondo kwa ajili ya Warundi, walikuwamo wanawake waliojifungua mbali na mama zao, katika vibanda vyenye kuta nyembamba ambamo sauti ya mtoto mmoja iliamsha safu nzima. Hao walisikiwa na wengi. Lakini kusikiwa si kusaidiwa, na umbali kati ya masikio na miguu ni mrefu kuliko umbali kati ya nyumba mbili.

Hata taifa katika hesabu zake liliusahau usiku. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote, na kwamba wanaume wa vijijini hupumzika nusu ya maisha yao. Maneno hayo yalikuwa ya ujasiri. Hata hivyo katika hesabu hiyo ya saa za kazi usiku wa mlezi haukuingia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, na siku 100 azaapo zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kunyonyesha. Baba ilimpa siku 3. Kilio hupanda mpaka wiki ya sita. Likizo ya baba imekwisha kabla ya wiki ya kwanza. Na mkulima wa Titye hana mwajiri wa kumpa hata hizo tatu. Sheria yake ni dhamiri ya walio naye nyumbani.

Ziko hoja zinazopingana na haya, na zastahili majibu. Ya kwanza husema kwamba mwanamume hana ziwa, basi usiku hana kazi. Jibu lake ni kwamba taabu ya mtoto acheuaye haianzi mpaka amekwisha kunyonya. Kunyonya huchukua dakika chache; kumshika wima, kumcheulisha, kumfuta, kumbadilisha nguo, kutembea naye na kumngoja asinzie huchukua saa. Ziwa ni la mama. Bega ni la kila mtu. Bega la baba, la bibi, la shangazi na la kaka mkubwa yote humfaa mtoto, naye hatauliza ni la nani.

Hoja ya pili husema kwamba baba ana kazi kesho. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mama hana. Katika kijiji cha wakulima jembe la alfajiri ni la wote wawili, na la mama huongezwa maji, kuni na chungu. Pale ambapo kazi ya mmoja ni nzito au ya hatari kwa kweli, kama ya dereva, haki haisemi usiku ukatwe sawa kama kitambaa. Husema tu kwamba usingizi uhesabiwe kuwa mali ya nyumba, kama chumvi na mafuta ya taa, na mwenye kupungukiwa usiku alipwe mchana. Jirani ashikaye mtoto saa mbili mchana ili mama alale ametoa zawadi kubwa kuliko khanga.

Hoja ya tatu hujitegemeza juu ya methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Husemwa kwamba mtoto akikimbiliwa kila aliapo ataharibika. Methali ni ya haki mahali pake, nayo mahali pake ni kwa mtoto mwenye akili ya kutaka na kukatazwa. Mtoto wa wiki sita hana hila. Kilio chake si ombi la anasa bali ndiyo lugha pekee aliyo nayo. Fauka ya hayo, uchunguzi uliofanywa Montreal na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliobebwa kwa saa nyingi zaidi kila siku walilia kwa muda mfupi kuliko wenzao. Bibi mwenye mbeleko angeweza kuwaambia wachunguzi jambo hilo bila ya malipo. Mbeleko si dawa ya kila kilio, lakini haijapata kumharibu mtoto.

Yako pia mambo ambayo mama hudaiwa kwa nafsi yake, nayo si zaidi ya subira bali ni kinyume chake. Anapohisi ghadhabu inapanda, wajibu wake ni kumlaza mtoto chali mahali pa salama, kutoka nje, kupumua, na kumwita mtu. Mtoto anayelia peke yake kwa dakika kumi hataumia. Aliye katika mikono iliyokwisha kushindwa huweza kuumia. Na mama ambaye hawezi kulala hata mtoto alalapo, ambaye machozi hayamkomi, au ambaye fikira za kujidhuru au kumdhuru mtoto zimemjia, huyo hajapungukiwa na mapenzi. Ni mgonjwa, ana haki ya tabibu, na walio karibu naye wana wajibu wa kumpeleka. Hapa subira si jibu. Hapa ndipo pa kutibu.

Basi jawabu la swali lililoulizwa mwanzoni ni hili: wajibu wa kukesha ni wa kila asikiaye, kwa kadiri ya ukaribu wake na nguvu zake; na ukaribu hupimwa kwa nyumba na damu, wala si kwa ziwa. Elimu huondoa lawama katika usiku huo, kwa kufundisha kwamba hapana aliyekosa. Ushirika huondoa upweke katika usiku huo, kwa kufundisha kwamba hapana aliyesamehewa. Kimoja bila ya kingine hakitoshi. Mama ajuaye kwamba mtoto hana ugonjwa lakini ameachwa peke yake, atajua kweli na kuanguka kwa uchovu. Nyumba iliyojaa wasaidizi wasiojua kitu itamzunguka mtoto kwa upendo na wembe mkononi.

Kazi hii ina ajabu ya mwisho. Mtoto hatakumbuka hata usiku mmoja. Atakapokuwa mtu mzima ataweza kutaja waliomsomesha, waliomvika na waliomkanya, lakini waliomshika wima gizani hatawajua isipokuwa kwa kuambiwa. Wema mwingi hutendwa kwa tumaini la kukumbukwa. Huu hutendwa kwa mtu ambaye hana budi kusahau. Kila msomaji wa maneno haya, awe wa Kasulu, wa Kibondo au wa upande mwingine wa dunia, aliwahi kushikwa hivyo, na deni hilo hawezi kumlipa aliyemkopesha kwa kipimo kile kile. Huweza kulilipa mahali pamoja tu: kwenye usiku wa mtu mwingine, asikiapo kilio, kwa kuinuka.